Seva Ikijaa, Dawa Yake Si Kuifuta

Leo naandika kwa hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Kuna ugonjwa umeenea katika ofisi zetu, hasa huku mikoani, na tumeuzoea mpaka tunadhani ni tiba. Mimi nauita ugonjwa wa kufomati. Kompyuta imekuwa nzito? Fomati. Imeingia virusi? Fomati. Mtu kasahau nenosiri? Fomati, piga Windows upya, lete elfu ishirini. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja hasara ni picha za kipaimara na albamu mbili za Bongo Fleva. Inauma, lakini maisha yanaendelea.

Balaa ni kwamba ugonjwa huu umepanda cheo. Sasa umeingia kwenye seva. Naam, seva, ile mashine moja iliyofungiwa kwenye chumba chenye feni, ambayo ofisi nzima inaitegemea: majina ya wagonjwa, ada za wanafunzi, madeni ya wakulima, mishahara. Ikijaa, fundi anaitwa, anaiangalia robo saa, anatikisa kichwa kama daktari wa kwenye filamu, anasema: "Hii inabidi ipigwe upya." Na wakubwa wanakubali! Wanasaini! Wanalipa na posho juu!

Nasema hivi, na mwenye ubishi aje tubishane: mfumo uliokwisha simikwa kwenye patisheni moja ya diski unaweza kuhamishiwa patisheni nyingine, au diski nyingine kabisa, ukiwa na kila kitu chake. Watumiaji wake, nywila zao, hifadhidata, mipangilio, printa, vyote. Si uchawi wala si siri ya Wazungu. Ni kazi ya Jumapili moja kwa mtu aliyetulia. Anayekufutia seva kwa sababu "imejaa" hajakutibu. Kakata mguu kwa sababu kiatu kinabana.

Patisheni ni kitu gani?

Kwa wale waliokimbia kompyuta wakaenda kusoma sheria, ngoja nieleze. Diski ni nyumba. Patisheni ni vyumba. Anayesimika mfumo ndiye anayejenga kuta: chumba hiki cha mfumo wenyewe, kile cha data, kile kidogo cha kuamshia mashine. Kwenye kompyuta za IBM mpango huu ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, na ulikubali patisheni kuu nne tu. Mpango mpya zaidi unaitwa GPT, na kwa kawaida unatoa nafasi ya patisheni 128 na kukubali diski kubwa kuliko TB 2, kikomo kilichoukwamisha ule wa zamani.

Sasa fikiria mpangaji wa Manzese. Alianza na chumba kimoja, akaoa, wakaja watoto watatu. Chumba kimejaa. Mnamfanyaje? Mnamtafutia chumba kikubwa, anabeba kitanda, kabati na masufuria, anahama. Hakuna mwenye nyumba anayesema: "Tuchome vyombo vyote, tumlete mpangaji mwingine aanze upya." Lakini kwenye seva ndicho tunachofanya, na ankara inaandikwa "matengenezo ya mfumo".

Niliyoyakuta Kilosa

Mwaka 2022 nilikuwa Kilosa kwa kazi nyingine kabisa. Nikaingia ofisi moja mjini pale, ambayo sitaitaja jina, na sitasema ilihudumia watu gani. Nikamkuta mama mmoja, karani, ana rundo la kaunta buku mezani, anaingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za miezi kumi na minne. Ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa kaanza wiki ya sita.

Nikamuuliza, "Mama, hizi hazikuwahi kuingizwa?"

"Ziliingizwa, mwanangu. Zote. Nilizingiza mimi mwenyewe. Fundi kazifuta."

Hadithi yenyewe ni hii. Seva ilikuwa na diski ya TB 1. Aliyeisimika mwanzo aliupa mfumo chumba cha GB 30 tu. Sehemu iliyobaki, zaidi ya GB 900, akaifanya patisheni ya pili, akaiita data, halafu hakuna kitu kilichowahi kuwekwa humo. Hifadhidata ilikaa kule kwenye GB 30, pamoja na mfumo na mafaili ya kumbukumbu za mashine yanayokua kila siku. Ikaenda hivyo miaka mitatu. Jumatatu moja asubuhi ikagoma kupokea jina jipya. Chumba kimejaa.

Akaletwa mtaalamu kutoka Dar. Nauli, gesti siku mbili, posho. Akauliza kama kuna nakala ya akiba, akapewa flashi iliyokuwa na nakala ya miezi kumi na minne iliyopita. Akasema inatosha. Akafomati.

Pale ofisini palikuwa na kijana wa kujitolea, kamaliza chuo, hana hata kiti chake. Kabla mashine haijafutwa alipiga picha ya skrini kwa simu, na mimi alinionyesha. Inaonekana wazi kabisa: patisheni ya kwanza imejaa asilimia mia, ya pili imetumika asilimia moja. Kwenye diski ileile! Kijana akajaribu kusema, "Bro, mbona hapa kuna nafasi?" Akajibiwa, "Dogo, kaa pembeni, watu wapo kazini."

Tafakarini hilo. Nafasi zaidi ya mara thelathini ya ile iliyohitajika ilikuwa imelala chumba cha pili. Haikuhitajika kununua hata waya. Pengine haikuhitajika hata kuhamisha mfumo mzima, kuihamisha hifadhidata peke yake kungetosha. Na hata wangeamua kuhamisha vyote, GB 30 kwenye diski ya kawaida kunakili kwake hakuzidi saa moja. Badala yake mama wa watu kakaa wiki sita anaandika upya, huku watu wanaofika dirishani wanaambiwa "jina lako halipo".

Yule mama aliniambia jambo sijalisahau: "Tuliambiwa kompyuta itatuondolea makaratasi. Karatasi ndiyo iliyotuokoa."

Kwa nini mafundi wanapenda kufuta?

Sababu ya kwanza ni kwamba hawakufundishwa kingine. Mafunzo yetu ya kompyuta, kuanzia vyuo vya uchochoroni hadi vile vyenye mageti, yanafundisha kusimika. Weka diski, bonyeza endelea, endelea, maliza. Ukitoka pale unajua kuzaa mfumo, hujui kuulea. Mtu mwenye nyundo tu, kila kitu anakiona msumari.

Ya pili ni woga. Kuhamisha kunakutaka ujue seva ina nini ndani. Kufuta hakukutaki ujue lolote. Ukishafuta, hakuna wa kukuuliza kilichokuwepo, maana ushahidi nao umefutwa. Raha iliyoje!

Ya tatu ni pesa, na hapa najua nitachukiwa. Aliyefuta anarudi. Anarudi kusimika programu, anarudi kuunganisha printa, anarudi kufundisha watumiaji, anarudi kwa sababu kile kilichokuwa kinafanya kazi sasa hakifanyi. Kila kurudi ni nauli na posho. Aliyehamisha vizuri Jumapili, Jumatatu hakuna anayejua kama kuna kilichotokea. Nani amlipe mtu ambaye kazi yake haionekani? Tumejenga mfumo wa malipo unaomtunza anayebomoa.

Basi kunafanywaje?

Nasema kwa kifupi, ili kesho mtu asikudanganye mbele yako. Nachukulia seva ya Linux, kwa mfano Debian au Ubuntu, maana ofisi nyingi ndogo zinazitumia na hazina leseni ya kununua.

Kwanza, tazama. Amri ya lsblk inakuonyesha diski na vyumba vyake. Amri ya df -h inakuonyesha kipi kimejaa. Hizi ni dakika mbili, na zile dakika mbili ndizo zilizokosekana Kilosa. Hapohapo utagundua mengine. Kisimikio cha Ubuntu Server, kwa mfano, ukikiacha kijigawie diski kubwa chenyewe kwa mtindo wa LVM, huupa mfumo GB 100 tu na kuacha zilizobaki zimelala. Ofisi inalia seva imejaa, kumbe diski ina shamba zima halijalimwa. Hapo huhami hata: amri mbili, lvextend na resize2fs, chumba kinapanuka mpangaji akiwa ndani.

Pili, nakala ya akiba, na ijaribiwe. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Iweke nje ya mashine hiyo.

Tatu, simamisha huduma. Hifadhidata isiwe inaandika wakati unainakili. Bora zaidi, iwashe mashine kwa flashi yenye Linux ya kupita, ili mfumo wenyewe uwe umelala kabisa wakati unabebwa.

Nne, tengeneza patisheni mpya, halafu nakili. Chombo cha kazi hii kinaitwa rsync, kilianza mwaka 1996, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Ukikiita kwa rsync -aAXHx kinabeba faili pamoja na mwenye mali, ruhusa na tarehe zake. Usitumie kile kitendo cha kukamata kwa kipanya na kubandika! Ukifanya hivyo ruhusa zinavurugika, na mfumo utaamka haumjui mtu.

Tano, na hapa ndipo wengi wanapofia: badilisha anwani. Mnakumbuka Serikali ilivyohamia Dodoma? Uamuzi ulipitishwa mwaka 1973, uhamaji wenyewe ukashika kasi mwaka 2016. Hakuna aliyesema tuivunje Serikali tuisimike upya. Walibeba mafaili, wakabeba watu. Lakini barua inayoandikwa anwani ya zamani itakwenda jengo la zamani, hata kama waziri keshahama. Seva ni vivyo hivyo. Kuna faili la /etc/fstab lenye namba ya utambulisho ya kila patisheni, iitwayo UUID. Ukihama lazima uandike namba mpya, unayoipata kwa amri ya blkid. Na kuna GRUB, kile kiprogramu kinachoamsha mfumo, nacho lazima kiambiwe nyumba mpya iko wapi. Unaingia ndani ya mfumo uliounakili kwa amri ya chroot, unaendesha update-initramfs, grub-install na update-grub. Kwenye mashine mpya zinazotumia UEFI, hakikisha na ile patisheni ndogo ya kuamshia ipo mahali pake.

Sita, washa, halafu uthibitishe. Usishangilie kwa sababu tu umeona skrini ya kuingilia. Andika findmnt / uone umesimama chumba gani. Wapo walioshangilia kumbe bado wako chumba cha zamani.

Saba, usifute cha zamani. Narudia kwa herufi kubwa: USIFUTE CHA ZAMANI. Kiache wiki kadhaa.

Kuhusu hili la saba watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa na mtu. Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, inapita Kilosa kando ya mto Mkondoa, na mto ule umeibeba mara nyingi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao na kukata njia ya treni kwa miezi. Reli ya kisasa ilipokuja ilichorewa njia yake, na kwenye milima ya Kilosa ikatobolewa mahandaki. Abiria wakaanza kwenda nayo mpaka Dodoma Julai 2024. Je, waling'oa reli ya zamani kwanza ndipo waanze kutandika mpya? Hapana. Ya zamani iliendelea kubeba mizigo na watu wakati mpya inajengwa. Kama akili hiyo tunayo kwenye chuma na zege, inatushinda nini kwenye diski?

Na niliyoyaona Mikumi

Isionekane nalaumu tu. Kutoka Kilosa kwenda Mikumi ni kilomita zisizopungua sabini, wilaya ileile. Mwaka 2023 nilikaa Mikumi siku chache, nikakutana na kijana anayetunza kompyuta za kikundi kidogo cha wakulima. Seva yao ni kompyuta ya kawaida ya mezani, imewekwa chini ya meza, na paka analala juu yake. Diski ilikuwa imeanza kugonga, ile sauti ya tik tik kila mwenye kompyuta anaijua na kuiogopa. Ndani kuna madeni na malipo ya wanachama wote.

Hakuita mtu Dar. Alinunua diski Morogoro, akasubiri Jumapili, akaomba jenereta la jirani iwapo umeme utakatika, akakaa chini. Mara ya kwanza alinakili diski yote kama ilivyo kwa amri ya dd, akaacha zote mbili zimechomekwa, akawasha. Ikaamka. Watu wakapiga makofi. Yeye akaangalia kwa findmnt, akakuta mashine imeamkia diski ileile mbovu! Sababu? dd inanakili mpaka ile namba ya utambulisho, kwa hiyo mashine iliona mapacha wawili wenye kitambulisho kimoja, ikachagua wa kwanza. Akaizima, akaichomoa ya zamani, akaiwasha tena. Safari hii ikasimama kwenye mpya. Jumatatu wakulima wakaja, majina yao yakawepo, wakalipwa, wakaondoka. Hakuna aliyejua kama jana yake kulikuwa na vita.

Diski ya zamani iko kwenye droo, imebandikwa karatasi yenye tarehe na neno "usitupe".

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kitu kingine. Nyuma ya ile kompyuta kabandika karatasi ya A4, kaandika kwa mkono, kwa Kiswahili, hatua kumi na moja: hifadhidata iko wapi, nakala zinakaa wapi, ukitaka kuhamisha anza na nini, na onyo kuhusu mapacha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kaka, mimi si wa hapa milele. Nikipata kazi Dar, hawa wabaki na nini?"

Karatasi ile ya A4 ina thamani kuliko ripoti nyingi za washauri nilizowahi kusoma. Na ndiyo inayonirudisha kwenye hasira yangu.

Kiswahili chetu kimeishia kwenye menyu

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. "Faili", "Hariri", "Hifadhi" zikatokea kwenye skrini. Halafu? Tumetafsiri vitufe vya anayebonyeza. Elimu ya anayetunza mashine yenyewe, kuhamisha mfumo, kurudisha nakala, kusoma hitilafu, tumeiacha kwenye Kiingereza cha vitabu vyenye kurasa mia nane. Kijana wa Kilosa anayejitolea angekuwa na kijitabu cha kurasa kumi cha Kiswahili mkononi, asingeambiwa kirahisi akae pembeni. Angesema, "Bro, soma ukurasa wa nne."

Najua mtakayosema

Mtasema kusimika upya ni kusafi zaidi. Wakati mwingine ni kweli. Kama seva imeingiliwa na wezi wa mtandao, isimike upya, maana huwezi jua waliacha nini. Kama mfumo umezeeka na hautunzwi tena na waliouunda, kama Windows Server 2012 iliyofikia mwisho wa matunzo ya kawaida Oktoba 2023, usihamishe maiti, simika mpya. Lakini hata hapo unatoa data kwanza! Na chumba kujaa si miongoni mwa sababu hizo.

Mtasema seva za Windows hazihami kirahisi. Zina ukaidi wake, nakubali, lakini zinahama. Clonezilla kutoka Taiwan ni ya bure na inanakili patisheni za Windows. Na anwani ya kuamkia inarekebishwa kwa amri ya bcdboot.

Mtasema siku hizi mambo yote yako mawinguni, au yako kwenye vituo vikubwa Dar na Dodoma, seva za wilayani za nini? Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama ile, ofisi yenye seva yake ndani ya jengo inaendelea kuhudumia watu, na yenye mawingu matupu inatazama mawingu. Na hayo mawingu nayo ni diski zenye patisheni, na kuna mtu anazihamisha kila siku bila kuzifuta. Tofauti ni kwamba yeye alifundishwa.

Na mtasema mimi ni mwandishi wa habari, nimeingiaje kwenye mambo ya mafundi. Nimeingia kwa sababu yule mama alikaa wiki sita. Jina la mtu likipotea kwenye seva ya wilaya, haki yake imepotea nalo. Hiyo ni habari. Ingekuwa ghala la mafaili limeungua moto, tungeiweka ukurasa wa kwanza. Lakini kwa kuwa ni fundi kabonyeza kitufe, tunaita matengenezo.

Ninachodai

Kimoja: mkataba wowote wa kutengeneza seva uandikwe kwamba hakuna kufuta diski mpaka nakala ya akiba imerudishwa na kuonekana inafanya kazi, na mkuu wa ofisi kasaini kwa macho yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuharibiwa. Wakuu wa ofisi, hiyo inawahusu ninyi kabla ya fundi.

Cha pili: kila seva iwe na karatasi yake ya A4, kwa Kiswahili. Mamlaka ya Serikali Mtandao inatoa viwango na miongozo kwa taasisi za umma. Kiongezwe kimoja cha ukurasa mmoja, kinachobandikwa ukutani.

Cha tatu: vyuo vya ufundi, na Mikumi ina VETA yake, vimtahini mwanafunzi wa kompyuta kwa kumpa mashine iliyojaa na kumwambia: ihamishe, nikirudi nikute kila kitu. Akifuta, kafeli. Basi.

Cha nne: tumlipe fundi kwa kilichobaki salama, si kwa siku alizolala gesti.

Yule kijana wa Kilosa bado anajitolea nilipopata habari zake mara ya mwisho. Hana cheo, hana posho, lakini picha ya ile skrini anayo kwenye simu: asilimia mia juu, asilimia moja chini. Wakija tena kufuta, ninyi wakuu mnaosaini, mwiteni kwanza yeye. Mpeni kiti.